Taya la mtoto likivimba, usikimbilie kung'oa jino!

Msomaji wangu, najua ukurasa huu umezoea kuufungua ukitafuta nani kaachana na nani, na kitenge gani kinatesa mjini. Wiki hii nitakuudhi kidogo, maana nataka tuongee kuhusu kansa. Usifunge gazeti kwanza! Stori yenyewe ina daktari mwenye jicho moja, safari ndefu ya gari kuukuu, ndege iliyopotezwa na ukungu, na hata busu limo. Tulia uipate.

Kilichonisukuma ni maneno ya vijiweni. Kaa kwa kinyozi au kwa msusi dakika kumi tu, utasikia mtu anajidai kuwa kansa ni ugonjwa wa Wazungu na wazee wenye pesa zao, sisi huku letu malaria. Mwingine naye atakwambia mtoto wa jirani alivimba taya, akang'olewa jino, uvimbe haukushuka, basi ndugu wa mume wamemroga. Maneno hayo mawili ukiyaweka pamoja yanaua watoto. Kuna kansa moja ambayo ni ya kwetu kabisa, inawapata watoto wa maeneo ya joto na mbu, na mara nyingi inaanzia kwenye taya. Inaitwa limfoma ya Burkitt. Ni moja ya kansa zinazokua haraka kuliko zote anazopata binadamu. Hapohapo ni moja ya kansa zinazosikia dawa kuliko zote. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo mtoto anapopona au anapokufa, na tofauti yake inaweza kuwa wiki mbili tu za kuzungushana.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi wa mjini hawalijui: mengi ambayo wataalamu wanayajua leo kuhusu namna kansa inavyoanza ndani ya seli, waliyajua kwa kuchungulia seli za watoto wa Kiafrika, hasa wa Uganda na Kenya. Hatukuwa watazamaji katika mchezo huu. Tulikuwa uwanjani, tena bila viatu.

DAKTARI MWENYE JICHO MOJA

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto kavimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland ya Kaskazini aliyepoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Alimtazama mtoto yule, akampiga picha, akakosa jibu. Jipu la jino halivimbi sehemu nne kwa mpigo.

Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine kakaa nje na mama yake, uso uleule. Akatoka mbio kwenda kumpima. Safari hii akagundua kwamba hata tumboni kuna uvimbe. Hapo ndipo alipoanza kupekua mafaili ya Mulago. Kumbe watoto wa namna hiyo walikuwa kibao, ila kila mmoja kaandikiwa ugonjwa wake: huyu kansa ya taya, yule ya figo, yule ya mayai ya uzazi, yule ya ini. Mwaka 1958 Burkitt aliandika kwenye jarida la wapasuaji la Uingereza kuwa huo ni ugonjwa mmoja.

Tusimpe sifa zote peke yake. Albert Cook, yule aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alishaacha maelezo ya watoto kama hao miaka mingi nyuma. Na waliojua kuwa ni limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu zinazotulinda, walikuwa wataalamu wa maabara wa Kampala, akina Gregory O'Conor na Jack Davies. Walipoweka kinyama cha uvimbe chini ya hadubini waliona seli nyeusi zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na katikati yake madoadoa meupe. Madoa yale ni seli za usafi zinazokula maiti za seli nyingine. Madaktari wakauita mchoro huo "anga lenye nyota", na mpaka leo ndivyo wanavyouita. Jina zuri kwa kitu kibaya!

Burkitt akataka kujua ugonjwa huu unaishi wapi. Akaanza kutuma barua zenye picha hospitali kwa hospitali. Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia barabarani na Ford ya mwaka 1954 waliyoinunua kwa pauni 250. Waliendesha wiki kumi, kama kilometa 16,000 hivi, kuanzia Uganda, wakapita Kenya na Tanganyika na kuteremka hadi kusini mwa Afrika, wakiingia kila hospitali na kuonyesha picha: "Mmewahi kuona mtoto kama huyu?" Barabara za wakati ule unazijua mwenyewe, au muulize babu yako.

Walirudi na ramani. Mahali penye joto na mvua ugonjwa upo. Panda milima yenye baridi, haupo. Nenda kwenye ukame, haupo. Ramani hiyo ukiilaza juu ya ramani ya malaria kali, zinafanana kama pacha. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

UKUNGU WA LONDON

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari ile ya Ford, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Ndani ya ukumbi alikuwamo kijana mmoja wa maabara, Anthony Epstein, ambaye alikuwa akichunguza virusi vinavyoleta kansa kwa kuku. Alipoona picha na kusikia habari za joto na mvua, akasema moyoni lazima kuna kirusi hapa. Wakapatana: Kampala itakuwa inatuma vinyama vya uvimbe kwa ndege, London itatafuta kirusi.

Karibu miaka mitatu ikapita, hola! Kinyama kinafika, kinakatwa, kinawekwa kwenye hadubini ya elektroni, hakionekani kitu. Mtu mwingine angeshaacha akatafuta kazi ya maana.

Tarehe 5 Desemba 1963 ndege ikatoka Uganda na kinyama kingine. London ukungu umetanda, ndege ikapelekwa Manchester. Kifurushi kilipofika maabara jioni ile, maji yake yalikuwa yamechafuka, meupe kama ya mchele. Kwa kawaida maji yakiwa hivyo ujue bakteria wameingia, na kitu kinatupwa. Epstein hakutupa. Alichukua tone, akalichungulia, akakuta si bakteria. Ni seli za kansa zenyewe, zimejitoa kwenye kinyama kwa kutikisika njiani, zinaelea zikiwa hai. Basi wakaziacha zielee, wakazilisha, zikaanza kuongezeka. Kabla ya hapo walikuwa wakizibembeleza zikae chini kwenye kioo na zilikuwa zikigoma. Ukungu ndio uliowaonyesha kuwa seli hizi zinataka kuogelea.

Mwezi Februari 1964 Epstein aliweka seli hizo kwenye hadubini ya elektroni na ndani yake akaona kirusi. Alishtuka na kuogopa mionzi ya hadubini isije ikaunguza ushahidi, akazima mashine, akatoka nje kuzunguka mtaa kwenye theluji bila koti. Aliporudi kirusi kilikuwa bado kipo. Mwezi Machi mwaka huo habari zikatoka kwenye jarida la Lancet, zikiwa na majina matatu: Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Achong, mtoto wa Trinidad aliyekuwa fundi wa ile hadubini, jina lake halikuingia. Mambo ya dunia hayo. Epstein mwenyewe alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 102.

BUSU LILIPOINGIA

Sasa hapa ndipo mambo yanapochekesha. Walipoanza kupima damu za watu, wakakuta kirusi hiki kila mahali. Si Kampala tu. Marekani, Ulaya, kila kona. Leo inajulikana kuwa zaidi ya watu wazima 90 kati ya 100 duniani wanacho. Wewe unacho. Mimi ninacho. Mchumba wako anacho, na huenda ni kutokana na mate.

Maabara moja ya Philadelphia, ya mume na mke, Werner na Gertrude Henle, ilikuwa na mfanyakazi wa kike ambaye damu yake haikuwa na dalili ya kirusi hiki. Mara binti akaugua homa, koo, tezi za shingo zikavimba. Akapimwa tena: kirusi kimeingia. Hivyo mwaka 1968 ikajulikana kuwa ule ugonjwa ambao vijana wa Ulaya na Marekani wanauita "ugonjwa wa kubusiana" unaletwa na kirusi kilekile cha uvimbe wa taya wa Kampala.

Kwetu huku watoto wengi wanakipata mapema mno, wakiwa bado wadogo, wanapochangia kijiko na kikombe, na kwa kawaida hawaumwi chochote cha kukumbukwa. Swali likawa hilo: kama kila mtu anacho, mbona hatuvimbi wote?

Kati ya 1972 na 1974 timu ya Guy de-Thé ilichukua damu za watoto kama 42,000 wa wilaya ya West Nile, Uganda, ikaziweka kwenye friji, ikasubiri. Watoto 14 ambao damu yao ilikuwa imehifadhiwa hivyo walipata Burkitt. Wakarudi kwenye zile chupa: kabla hawajaugua, wengi wao damu yao ilionyesha kuwa kinga ilikuwa ikipambana na kirusi hicho kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kirusi kina mkono. Lakini peke yake hakitoshi.

REDIO YA KINYOZI

Biolojia yangu iliishia kidato cha nne, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelewa mimi, bila mbwembwe.

Ndani ya kila seli yako kuna nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu, na juu yake ndiko zilikopangwa jeni, yaani maagizo ya kazi. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, Wabulgaria waliokuwa wakifanya kazi Uswidi, walitazama kromosomu za seli za Burkitt wakaona namba 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wa Stockholm wakagundua kipande hicho kimetoka wapi: kimekatika kutoka namba 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zikafichua kilichokuwa ndani ya kipande kile. Ni jeni inayoitwa MYC, ambayo ndugu yake alishajulikana kwenye kirusi cha kuku. Kuku tena!

MYC ni jeni nzuri tu. Kazi yake ni kuihimiza seli ikue na kugawanyika, lakini kwa kiasi. Ifananishe na redio ya kinyozi, inawashwa asubuhi, inazimwa usiku, wapita njia wanaisikia kidogo. Kromosomu ya 14 kwenye chembe hizi za kinga, zinazoitwa seli B, ina sehemu inayotengeneza silaha za mwili, na sehemu hiyo muda wote iko kazini, sauti juu. Hizo ni spika za harusi. Kipande cha 8 kikikatika kikaungana na 14, ndiyo redio ya kinyozi imechomekwa kwenye spika za harusi. Mtaa mzima haulali. Seli inaambiwa gawanyika, gawanyika, gawanyika.

Kwa nini kipande kikatike? Kwa sababu seli B ni viumbe vya ajabu: vyenyewe hukata jeni zao kwa makusudi ili kuzipanga upya na kutengeneza silaha bora ya kupigana na ugonjwa mpya. Zina mkasi wake maalumu, kimeng'enya kinachoitwa AID. Mtoto anayeumwa malaria leo, na mwezi ujao, na mwezi unaofuata, seli zake B zinabaki kiwandani mwaka mzima mkasi mkononi. Fundi anayekata nguo usiku na mchana siku moja atakata kidole. Mwaka 2015 watafiti wa New York walionyesha kwa panya kwamba vimelea vya malaria vinazifanya seli hizi zikatekate ovyo hadi kuleta limfoma, na mkasi ule ndio uliohusika.

Bado kuna breki moja. Seli yenye akili timamu ikisikia kelele za MYC zimezidi, inajiua yenyewe. Mwili umejipangia hivyo. Hapa ndipo kile kirusi cha mate kinapoonyesha ubaya wake: kinaisaidia seli isijiue. Malaria inakoroga, mkasi unakosea, MYC inapiga kelele, kirusi kinakata breki. Ndiyo maana si kila mtoto mwenye kirusi, wala si kila mtoto mwenye malaria, anayepata ugonjwa huu. Inataka ajali kadhaa zikutane ndani ya seli moja.

Seli moja, msomaji wangu. Seli hizi zinaweza kujigawa mara mbili kwa kama saa 24 tu. Piga hesabu kwenye karatasi: moja, mbili, nne, nane... siku ya kumi una seli 1,024. Siku ya thelathini zimepita bilioni moja. Mwilini hesabu haiendi hivyo moja kwa moja kwa kuwa nyingi zinakufa (kumbuka zile nyota angani), ila sasa unaelewa kwa nini uvimbe ulioonekana kama gololi Ijumaa mbili zilizopita leo umefumba jicho. Uchawi haumo.

Hata hapa kwetu jambo hili lilijaribiwa. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara walio chini ya miaka kumi walipewa klorokwini kuzuia malaria, ili ionekane kama Burkitt itapungua. Ilipungua kweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeanza kushuka hata kabla dawa hazijagawiwa, kwa hiyo watafiti walioandika matokeo mwaka 1989 hawakuweza kupiga ngoma wakasema tumeshinda. Napenda watu wa namna hiyo. Wangeweza kudanganya.

DAUDI BADO ANAOGELEA

Zile seli za ukungu zilikuwa mwanzo tu. Nyingine zilipatikana Nigeria mwaka 1963, zinaitwa Raji, kutoka kwa mtoto wa kiume. Mwaka 1967 Eva na George Klein wa Stockholm, waliokuwa wakipokea vinyama kutoka Nairobi, walipata seli za kijana wa Kiafrika wa miaka 16. Hizo zinaitwa Daudi. Ukiingia maabara yoyote kubwa ya kinga na kansa, iwe Tokyo au Boston, ukiuliza Daudi utaonyeshwa friji. Zinalishwa, zinajigawa, zinagandishwa, zinatumwa kwa posta, zinauzwa. Zimesaidia kueleza mwili unavyotambua seli zake wenyewe, na zimekuwa uwanja wa kujaribia dawa mpya. Kuna nyingine, Namalwa, ambazo kampuni ya Wellcome ya Uingereza ilizikuza kwenye matanki ya maelfu ya lita kutengenezea dawa ya interferoni.

Marekani kuna kisa kinachofanana, cha mama mweusi Henrietta Lacks, aliyekufa mwaka 1951 huku seli zake zilizochukuliwa bila yeye kuulizwa zikiendelea kuishi. Familia yake iliishitaki kampuni moja kubwa na mwaka 2023 wakapatana. Mimi naona swali hilohilo lina haki ya kuulizwa Nairobi na Kampala, tena kwa sauti. Sisemi watafiti walikuwa wezi; bila wao tusingejua chochote. Nasema seli ni za mtu, na mtu ana mama.

UA LA BARAZANI NA DAWA

Haya, dawa. Burkitt alikuwa mpasuaji, na mwanzoni alikata mataya, na uvimbe ukarudi. Kuanzia mwaka 1960 akaanza kujaribu dawa alizopewa na madaktari wa Marekani. Mungu mkubwa! Uvimbe mkubwa kama embe ukawa unayeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi moja au mbili. Mwaka 1967 ikafunguliwa Mulago wodi maalumu iliyokuja kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda, chini ya kijana wa Kimarekani John Ziegler, na baada yake akaishika Mganda, Charles Olweny. Mafunzo ya kuchanganya dawa yaliyofanyika pale yalienda mbali kuliko Kampala.

Ukishajua seli inavyoishi, dawa zenyewe zinaeleweka. Methotreksati inainyima seli vifaa vya kujenga jeni mpya. Siklofosfamaidi inaharibu jeni zilizopo. Vinkristini inavunja kamba ambazo seli huzitumia kuvuta kromosomu zake pande mbili inapojigawa, ikabaki imekwama katikati. Dawa zote tatu zinaiumiza zaidi seli iliyo mbioni kujigawa, na Burkitt ni bingwa wa mbio. Mbio zake ndizo zinazomuua mtoto, na mbio hizohizo ndizo zinazoiuza kwa dawa. Nywele nazo zinanyonyoka kwa sababu hiyo, kwani mizizi yake nayo ina haraka. Zinaota tena.

Vinkristini imetoka kwenye ua. Ndiyo, lile ua dogo la waridi lenye petali tano ambalo asili yake ni Madagascar na linaota mbele ya nyumba nyingi za Dar. Tafadhali usiende kuchemsha! Kwenye ua lile dawa ni chembe ndogo mno na sumu nyingine zimo, na hospitali yenyewe inapima vinkristini kwa miligramu kwa kufuata ukubwa wa mwili.

Dawa inataka hospitali kwa sababu nyingine pia. Seli mamilioni kwa mamilioni zikifa kwa siku moja, takataka zake zinafurika kwenye damu na zinaweza kuziba figo. Kwa hiyo mtoto anawekewa dripu za maji mengi na kupimwa mkojo na damu. Siku za kwanza ndizo za hatari.

Siku hizi kuna silaha mpya zaidi, ritaksimabu, iliyopata kibali Marekani mwaka 1997. Hii haipigi ovyo. Inatafuta alama iliyo juu ya seli B, inayoitwa CD20, inajibandika, halafu kinga ya mwili inakuja kumaliza kazi. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2020 kwa watoto na vijana 328 wenye Burkitt kali na ndugu zake ulionyesha kuwa baada ya miaka mitatu, waliopata ritaksimabu pamoja na dawa za kawaida, karibu 94 kati ya 100 walikuwa salama bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 82 kwa wasioipata.

Ila usishangilie mapema. Kwenye nchi tajiri zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wanapona. Katika tafiti kadhaa za Afrika ni karibu nusu, na mahali pengine chini ya hapo. Seli ni ileile, kirusi kilekile, dawa za msingi zilezile. Kinachotofautiana ni nauli, damu ya kuongezewa, maabara ya kusoma kinyama, na siku ambazo mtoto alipotezewa kabla ya kufikishwa.

WEWE UNAHUSIKAJE?

Unahusika kwa sababu ukienda kijijini Krismasi au Idi, wewe ndiye mtu wa mjini, unasikilizwa. Ugonjwa huu unapenda watoto wa miaka minne hadi saba au nane hivi, wa kiume zaidi ya wa kike. Dalili ya kwanza inaweza kuwa meno ya nyuma kulegea kwa mtoto ambaye hajafika umri wa kuyabadilisha, kisha taya linavimba, mara nyingi bila maumivu makali wala homa. Wengine linatoka jicho. Wengine tumbo linajaa. Wengine miguu inakosa nguvu ghafla. Ukiona uvimbe unaobadilika wiki kwa wiki, bibi na shangazi watakuja na ushauri wao, na wote wanampenda mtoto. Waheshimu, waamkie vizuri, halafu tafuta gari.

Jino likishang'olewa na uvimbe ukaendelea, hilo si jino tena. Mtoto anatakiwa akatwe kinyama, na kinyama kisomwe. Dar es Salaam wodi ya watoto wenye kansa iko Muhimbili, na matibabu yanatolewa bure kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha. Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Kaskazini kuna KCMC. Jirani zetu wa Uganda wana Mulago na Lacor ya Gulu, wa Kenya wana Kenyatta. Mzazi akianza dozi asiikatize uvimbe unapoyeyuka, maana kuyeyuka kunaonekana ndani ya wiki moja huku seli zilizobaki zikiwa bado zinahesabu saa zao 24. Na huko zahanati ukiambiwa mtoto apewe antibaiotiki mrudi baada ya mwezi, uliza kwa adabu kama mnaweza kurudi Jumatatu.